Kabla ya Kuhesabu Mikunga, Kagua Maji

Wiki iliyopita kijana anayesoma Uingereza aliniandikia akiomba ushauri: anataka kujitolea kuhesabu mikunga, wale samaki wembamba warefu kama nyoka, mtoni, ila anahofia kuharibu. Ninamjibu hapa, kwa kuwa mimi niliharibu, na miaka 6 baadaye jambo hilo bado linaniuma.

Mkunga wa Ulaya huzaliwa katika Bahari ya Sargasso, magharibi mwa Atlantiki, na hadi leo hakuna aliyewahi kuyaona mayai yake huko baharini. Mtoto wake, bapa kama jani, huchukuliwa na mkondo hadi pwani za Ulaya, ambako hugeuka mwembamba na angavu kama kioo, kisha huanza kupanda mito.

Kijito chetu humwaga maji katika mto Severn, Uingereza, na juu yake pamejengwa ukingo wa zege unaokatiza maji, ambao samaki wa urefu wa kidole hawezi kuuvuka. Kanuni za mwaka 2009 za England na Wales zinaruhusu mwenye ukingo kama huo alazimishwe kuwawekea mikunga njia. Yetu ni mfereji wa mteremko wenye nywele za brashi, unaolowanishwa kwa mpira wa maji, na juu yake kisanduku cha kuwahesabia kabla ya kuwaachilia. Jumapili moja ya Mei niliwakuta 61, nikaandika, nikaondoka kwa furaha bila kuutazama mpira. Jani lililooza lilikuwa limeuziba. Kesho yake brashi zilikuwa kavu, na katikati ya nywele zake walikuwamo mikunga 17 waliokakamaa kama nyuzi, kila mmoja na vidoa viwili vyeusi vya macho. Msimamizi wetu alinisema mbele ya kundi zima la wanaojitolea na kuninyang'anya ufunguo. Kosa lilikuwa langu, lakini kosa la mtu halihitaji hadhara.

Basi, ndugu yangu, kagua maji kwanza, ndipo uhesabu. Lowanisha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu ute wa ngozi yake ndio kinga yake. Siku usipompata hata mmoja, andika sifuri, kwani anguko la zaidi ya asilimia 90 la watoto wanaofika Ulaya tangu miaka ya 1980 limejulikana kwa hesabu za kila mwaka, njema na mbaya. Tangu 2008 samaki huyu yumo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Huishi mtoni miaka 10, 20 au zaidi, kisha huacha kula, huogelea zaidi ya kilomita 5,000 kurudi Sargasso, huzaa mara moja na kufa. Anayekauka juu ya brashi hakuacha mtoto. Kwa hiyo usiende mtoni kutafuta picha. Nenda kukagua maji, na ukishayakagua, yakague tena.

Ufunguo nilirudishiwa baada ya misimu miwili. Aprili mwaka huu nilimulika mpira kwa tochi, nikatoa majani yaliyouziba nusu, nikahesabu mikunga 212. Njoo Jumamosi jioni, giza linapoingia, maana ndipo wanapopanda. Vaa viatu vya mpira.