Modeli Nne, Tangi Moja

SWALI: Ndugu Mhandisi, pokea salamu kutoka Dodoma. Mimi ni mhandisi wa umeme katika timu ndogo inayosanifu mradi wa kisima na tangi kwa vijiji viwili vya Wilaya ya Chamwino. Wenzetu wa ujenzi wana michoro ya tangi, wa mitambo wana mahesabu ya pampu, mimi nina mahesabu ya kebo na paneli za sola, na mwenzetu wa udhibiti ana programu ya kuwasha na kuzima pampu. Maji yanayotakiwa ni mita za ujazo 60 kwa saa. Mwanzoni yalipaswa kupandishwa mita 120, upinzani wa bomba ukiwemo, kabla tangi halijahamishiwa kilimani, mita 15 juu zaidi. Wiki iliyopita tuligundua kwamba mahesabu yangu bado yana mota ya kilowati 30, ilhali ya mitambo yamefika 37. Kiongozi wetu ameagiza kazi yote isimame mpaka modeli hizi nne, yaani michoro, mahesabu na programu zetu, zikubaliane, kisha ziunganishwe kuwa modeli moja kubwa. Je, huo ndio utaratibu sahihi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, kiongozi wenu ana sababu ya kuhofu, lakini dawa aliyoichagua ni kali kuliko ugonjwa.

Tuanze na mota. Kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 70, kupandisha maji hayo mita 120 kunahitaji takriban kilowati 28, na mota ya 30 inatosha kwa shida. Ukiongeza mita 15, hitaji linafika kilowati 31.5, na saizi inayofuata sokoni ni 37. Kwa hiyo hakuna aliyekosea hesabu. Kilichotokea ni kwamba tangi lilihama na habari haikukufikia. Mkinzano wenu haumo katika mota bali katika mwinuko wa tangi, namba moja inayoishi ndani ya modeli kadhaa bila mwenyewe anayejulikana.

Kuunganisha kila kitu katika modeli moja sikushauri. Modeli ya kila fani hurahisisha mambo kwa makusudi: mtu wa ujenzi anahitaji kujua uzito wa maji ndani ya tangi, wa udhibiti anahitaji kujua kina chake tu. Mwaka 1994 mtafiti Anthony Finkelstein na wenzake wa London, wakiandika kuhusu usanifu wa mifumo ya kompyuta, walitetea wazo kwamba mikinzano kati ya mitazamo ya wasanifu inaweza kuvumiliwa kwa muda, mradi ijulikane na iwe na utaratibu wa kuishughulikia. Nadhani wazo hilo linafaa hata kwenye kisima cha Chamwino, kwa kuwa usanifu ambao hauna mkinzano wowote katikati ya kazi mara nyingi ni usanifu ambao watu wake hawajazungumza.

Ninachoshauri ni daftari la vitu vya pamoja, hata kama ni ukurasa mmoja wa eksel. Kila namba inayotumiwa na zaidi ya fani moja iandikwe humo pamoja na kipimo chake, mahali inapopimiwa, mwenye mamlaka ya kuibadilisha, na wote wanaoitegemea. Mwenyewe akiibadilisha, anawajulisha wanaoitegemea, nao wanathibitisha kwamba wamepokea. (Nakala za eksel zinazozunguka kwenye WhatsApp zikiwa na jina la “mwisho kabisa 2” zisihesabiwe kuwa daftari.) Mkinzano ukionekana, uandikwe humo humo, apewe mtu wa kuutatua, na itajwe kazi ambayo haiwezi kufanyika kabla haujatatuliwa. Huu wa mota lazima uishe kabla ya kuagiza kebo na paneli, maana kwenye umeme wa volti 400 mota hizo mbili zinatofautiana kutoka takriban ampea 55 hadi 68. Hauna sababu ya kusimamisha uzio wala nyumba ya mlinzi.

Hapo kwenye “mahali inapopimiwa” msipite haraka. Katika ujenzi wa daraja la Laufenburg juu ya mto Rhine, Ujerumani na Uswisi zilikuwa zinapima mwinuko kutoka bahari mbili tofauti, na tofauti ya sentimita 27 ilijulikana tangu mwanzo. Sahihisho likafanywa kuelekea upande usio sahihi, tofauti ikaongezeka maradufu badala ya kufutika, na mwaka 2003 ikagundulika kwamba pande mbili zinapishana kwa sentimita 54. Ninyi nanyi mna mitego yenu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, ilhali kifaa cha GPS kwa kawaida hutumia mfumo mwingine, WGS 84, na nukta ile ile husogea takriban mita 300 kati ya mifumo hiyo. Vilevile mtu wa ujenzi anaposema kiwango cha maji, huenda anapima kutoka usawa wa bahari, na wa udhibiti anapima kutoka sakafu ya tangi. Wote wako sahihi, mpaka mmoja anakili namba ya mwenzake.

Kuna jambo moja katika barua yako linalonisumbua kuliko mota: hukumtaja mwenye mahesabu ya mabomba ya kusambazia maji vijijini. Kila mita 10 za mwinuko huongeza presha ya takriban baa 1. Kama bomba la chini kabisa lilikuwa mita 50 chini ya tangi na likachaguliwa la daraja la PN 6, yaani la kustahimili baa 6, sasa liko mita 65 chini yake na limevuka kikomo chake, bila mtu yeyote kugusa namba hata moja kwenye karatasi yake. Mtafuteni mtu huyo kabla hujabadilisha kebo.