Maziwa yalinigharimu ng'ombe wawili

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Ni chakula gani ulichokiacha ukubwani, na je, bado unakitamani?" Nililisoma nikiwa dukani, wateja wamepungua, nikacheka peke yangu kisha nikanuna. Mimi sijaacha kitu. Maziwa ndiyo yaliyoniacha, tena bila hata talaka ya maandishi, na kuyatamani siyatamani. Laiti mngeniuliza hivi: unamwambia nini mtu ambaye ameshakumiminia?

Nimelelewa na bibi Rufiji, na kwetu maziwa yalikuwa tui. Samaki wa tui, kunde za tui, wali wa tui. Ng'ombe tulikuwa tunaonana naye Idd ya kuchinja. Chai ya maziwa nimeijulia Dar, kwenye vigenge vya Tandika, na kwa miaka mingi tulielewana vizuri tu. Shida ilianza nilipovuka thelathini na tano. Nikinywa chai saa nne, saa sita tumbo limejaa kama mpira, linauma upande huu, linahamia upande ule, halafu naacha mteja na chenji yake mkononi.

Mji huu ukisema tumbo linakusumbua una majibu matatu: amiba, taifodi, vidonda vya tumbo. Mimi nimetibiwa yote matatu. Flajili nimemeza mpaka mate yakawa na ladha ya sarafu. Mwisho daktari mmoja kijana, wa zahanati ya mtaani, akauliza ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mzee, asubuhi unakunywaga nini?" Akaniambia niache maziwa wiki mbili, halafu siku ya kumi na tano ninywe glasi moja nione. Kipo kipimo cha pumzi, alisema, unapuliza wanapima gesi ya haidrojeni, lakini glasi yako inatosha kwa leo. Ilitosha. Haikupita saa mbili nikawa na majibu, bila maabara.

Alivyonieleza ni hivi. Ndani ya maziwa kuna sukari inayoitwa laktosi. Kuivunja kunahitaji kimeng'enya kinachotengenezwa kwenye utumbo mwembamba, nacho kinaitwa laktesi (waliotoa majina haya hawakutuhurumia). Mtoto mchanga anacho tele. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi kinaanza kupungua, na ile sukari inateremka nzimanzima hadi utumbo mpana, ambako bakteria wanaisubiri. Wanaichachua kama watu wanavyochachusha togwa, gesi inatoka, maji nayo yanavutwa kuingia utumboni, na wewe unatafuta mlango wa uani. Huu si mzio. Mwenye mzio, mwili wake unapigana na protini ya maziwa, na huyo anaweza hata kufa. Sisi tunakufa kwa aibu tu. Na sisi ndio wengi: karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani, uwezo wao wa kusaga sukari hiyo umepungua. Wanaoyamudu ndio wachache, ila ndio wanaoshika birika.

Kwa miaka kadhaa nimeishi kwa uongo. "Nimefunga" ndio uongo wangu mkubwa. Nimefunga Sunna Jumatatu na Alhamisi nyingi kuliko ninazostahili kuandikiwa. "Daktari amenikataza" una hatari zake, maana watu wanauliza ni sukari au presha, na kabla hujaondoka mtu ameshaanza kukutajia mizizi. Ndiyo maana nilipokaa kuandika nilitaka kuwaambia wasomaji jambo moja: tuseme. Mtu mzima akisema "maziwa yananikataa, naomba chai ya rangi", asiangaliwe kama aliyetukana. Mtaani hali hii haina hata jina, na kitu kisicho na jina watu hudhani unajidekeza.

Sasa niwape habari ya Kitunda.

Mwaka 2019 mtoto wa kaka yangu alipata mchumba, binti wa watu wa Tarime walioweka makazi Kitunda. (Mambo ya dini tulishayamaliza kabla, hilo ni swali la wiki nyingine.) Nikateuliwa mshenga kwa sababu mimi ni muuza duka, nasifika kwa kupatana bei. Kaka alinipa maagizo jioni ya kuamkia: mahari kwao yanahesabiwa kwa ng'ombe, ng'ombe wenyewe wanakadiriwa kwa pesa, laki sita kila mmoja. Anza na watano. Usivuke wanane. Wanane, akanionyesha kwa vidole, kana kwamba mimi ni bubu.

Tulikodi Noah, tukawa watu watano, dada yangu mkubwa akiwa kiongozi wa upande wa wanawake. Sikunywa hata maji asubuhi ile. Dada alisema tusile, huko chakula kitakuwa kingi, kumwachia mwenyeji chakula ni kumdharau. Tukapita Banana, tukaingia barabara ya Kitunda, na mpaka tunafika tumbo langu lilikuwa tupu kama debe.

Tulikalishwa sebuleni, makochi yana vitambaa vyeupe vya kufuma. Chai ikaletwa kabla ya salamu kuisha. Nilivyoona chupa mbili za chai roho ikatulia, nikajua moja ni ya rangi. Zote mbili zilikuwa za maziwa. Na si yale maziwa ya mgahawa, ya kudanganyia maji. Yalikuwa maziwa matupu, majani yamepitishwa tu ili yapate rangi, tangawizi imepondwa humo. Kikombe chenyewe cha bati, cheupe, kina ua jekundu ubavuni na kimebanduka kidogo pale mdomo unapogusa. Utando wa maziwa ulikuwa umejikunja juu kama shuka lililosukumwa kwa miguu. Nikamwambia mama aliyekuwa anamimina, kwa sauti ya chini, kama kuna ya rangi nitashukuru. Mzee mwenye nyumba akasikia.

"Kwetu mgeni hapewi maji yaliyotiwa rangi," akasema, akacheka, na wote wakacheka. Dada yangu akanikanyaga.

Ungefanyaje? Unakwenda kuomba mtoto wa watu halafu unakataa kikombe chao? Nikafanya kosa la mtu mgeni wa mambo: nikakinywa haraka ili kiishe. Kikombe kitupu mbele ya mwenyeji ni ombi. Kikajazwa tena.

Mzee mwenyewe alikuwa anakunywa cha tatu na shati lake limetulia juu ya tumbo. Baadaye sana ndio nimekuja kusoma kwamba mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha kazi yao baada ya kuwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta wengi katika jamii za wafugaji wana mabadiliko katika vinasaba yanayokifanya kile kimeng'enya kisizimike ukubwani, na kwamba mabadiliko hayo si yale ya Wazungu. Yalizuka huku huku, kivyake, kwa watu walioishi na ng'ombe vizazi na vizazi. Kama yule mzee anayo siwezi kusema, sijampima. Lakini siku ile nilimtazama kama mtu anavyomtazama jirani mwenye jenereta wakati umeme umekatika mtaa mzima.

Wakataja ng'ombe kumi na wawili. Nikasema watano, nikaongeza na maneno matamu ya Pwani. Wakashuka kumi na mmoja. Nikapanda sita. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, nakuapieni, nilikuwa nimeshamsoma mzee, niliona angeishia wanane bila kelele. Hapo ndipo tumbo likaanza kuongea. Kwanza kwa sauti ya mtu anayesogeza kabati chumba cha pili. Dada akakohoa kunifunika. Likaongea tena, refu, likamalizia kwa mlio mwembamba wa kuuliza, na kijana mmoja wa upande wao akaangalia dari.

Choo kilikuwa uani, nimekiona tulipoingia, na kukifikia lazima upite katikati ya kina mama wanaopika. Hilo si kitu. Kitu ni kwamba mshenga hainuki mahari yakiwa yanatajwa. Akiinuka, amekasirika, na akikasirika, wenzake inabidi wainuke naye. Nikabana. Jasho likanitoka nyuma ya masikio. Mzee anaeleza, taratibu, kwa mifano, jinsi alivyomsomesha binti, na mimi nasikia kila neno likiwa mbali kama tangazo la spika la gari linalopita barabara ya pili. Nikasema saba. Akasema, "Basi kwa heshima yenu, kumi," na akawa anavuta pumzi aanze mfano mwingine.

"Kumi tumekubali," nikasema. "Tunashukuru sana." Na nikainuka.

Vigelegele vikalipuka. Nimekwenda chooni nikisindikizwa na vigelegele, Mhariri, kina mama wananipungia miiko. Mlango ulikuwa hauna komeo, unashikilia kamba kwa ndani, na mimi mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kwenye kopo, nasikia wanaimba.

Niliporudi wazee walikuwa wamesimama wanapeana mikono. Kaka hakunitazama. Kwenye Noah hakuna aliyesema neno mpaka Banana, ndipo akauliza, taratibu, kama anamuuliza dereva: "Hivi choo cha milioni moja na laki mbili kina marumaru?" Hadi leo kwenye ukoo wetu naitwa Baba Kumi.

Nimeandika mpaka hapa nikitaka habari hii iwe ushahidi wangu, kwamba ukweli ungetuokolea ng'ombe wawili. Nimeisoma tena na sasa sina hakika. Maana sikuwaambia kilichofuata. Wakwe zetu walitusifu. Mama wa binti alimwambia dada kwamba watu wa Pwani ni waungwana, hawana mizengwe, mshenga wao alikubali haraka akainuka kwa furaha. Kwa sifa ile, ndoa ilipopitia mtikisiko mwaka wa pili (sitaieleza), mimi ndiye niliyeitwa kuwasuluhisha, na yule mzee alinisikiliza. Angenisikiliza mtu aliyekataa kikombe chake? Labda. Yeye ni mtu wa haki. Lakini "labda" hiyo siko tayari kuilipia.

Kwa hiyo jibu langu limegeuka mikononi mwangu, na mtanisamehe. Nyumbani kwako sema. Kazini sema, na kwa watoto usinyamaze kabisa: mtoto anayelia tumbo kila akinywa maziwa apelekwe kwa daktari, asiambiwe anadeka. Lakini ukweni, sijui. Na si kwamba nakunywa kishujaa. Nimejifunza kwamba kikombe kimoja, kikiwa na chakula na kikinywewa taratibu, wengi wetu tunakimudu. Kilichoniua siku ile ni vikombe viwili juu ya debe tupu. Mtindi nao hauna ugomvi na mimi, kwa kuwa bakteria wake wameshakula sehemu ya ile sukari kabla haijanifikia. Samli sina tatizo nayo hata kidogo. Mkinihurumia mifupa yangu, dagaa ninakula na miiba yao.

Mkwe wangu, yule binti, alishagundua siku nyingi. Anaijua habari nzima, kaka alimsimulia. Nikienda kwao Kivule ananiwekea chai ya rangi bila kuuliza, na mama yake akiwepo anaitia kwenye kikombe cha bati chenye mfuniko, tunatazamana, tunanyamaza. Yule mama mpaka leo kila Idd ananitumia chupa ya chai ya maziwa, "ya mshenga". Namshukuru kwa simu. Nakunywa nusu kikombe na chapati mbili, nyingine wanamaliza vijana wa duka.

Jumapili hii tumeitwa Kitunda, mjukuu anatimiza mwaka. Nimeshamwambia mke wangu tule kwanza nyumbani.

Baba Kumi,
Tandika, Dar es Salaam