Shangazi Anajibu: Kipaimara, Ruaha, na barua ya mwaka iliyomtoa shemeji kwenye grupu

Mwanzo wa mwaka barua huwa zinajaa, na safari hii karibu zote zinazunguka palepale: mwaka huu familia iende wapi, isherehekee nini, na hela itoke wapi. Nimechagua chache. Ambao hamjajiona msininunie, zamu yenu inakuja.

Shangazi shikamoo. Nina watoto watatu, tupo Uyole. Mwaka huu kwetu mambo yamefuatana, mkubwa yupo form four, wa kati anapata kipaimara Moravian kule kwa bibi yake Tukuyu mwezi wa tano, mdogo ndo kaanza la kwanza, alafu baba yao kashikilia Desemba lazima twende Zanzibar maana wenzake kazini wote wameshaenda na picha wametuma. Hela sioni. Kikoba nimeshakopa ada. Nifanyeje bila kugombana?
Mama watatu, Uyole

Marahaba mwanangu. Chukua kalenda, hata ile ya bure ya dukani, uandike kwanza yale ambayo hamna uwezo wa kuyahamisha. Kipaimara mwezi wa tano. Mtihani wa form four Novemba. Ukishaandika hayo mawili utaona kwamba safari mnayo tayari na wala hamjaitafuta, kwa sababu Tukuyu mnaenda tu mtake msitake. Sasa kama mnaenda, mbona mle wali, mpige picha na keki mrudi na kosta ya jioni? Laleni siku mbili mbele. Kwa bibi hakuna gesti ya kulipa na ndizi zipo.

Misheni ya Rungwe Wamoraviani waliianza 1891, ipo hapohapo karibu, mpelekeni huyo wa kipaimara aione ili ajue anachopokea kimeingilia wapi nchi hii. Kesho yake nendeni Daraja la Mungu, pale mto Kiwira unapopita chini ya jiwe la volkano lililojitandika juu kama daraja kweli, hata bibi anaweza kwenda maana hakuna mlima wa kupanda. Ziwa Ngozi ni kwa wenye miguu. Lipo upande wa Isongole, mnachukua kijana wa pale awaongoze, mnapanda msituni mpaka ukingoni mnaliona ziwa limelala chini kabisa ndani ya shimo la volkano. Ila Mei mvua za Tukuyu bado hazijakata, ile njia inateleza vibaya, kwa hiyo ikinyesha usiku ahirisheni, Ngozi haihami.

Na hapo kwenye kipaimara niseme langu moja. Ukumbi, MC, sare za kamati na kadi za michango kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi na nne mimi sioni maana yake, na najua nitanuniwa. Mtoto apendeze, ibada iishe, watu wale kwa bibi uwanjani, basi. Hela ya ukumbi ndo hiyohiyo mnayoitafuta ya Desemba.

Huyo wa form four kuanzia Septemba msimburuze popote, hata harusini. Akimaliza mtihani ndo mpeni yeye achague mwisho wa mwaka mwende wapi, maana ndiye aliyefanya kazi.

Sasa baba. Usimwambie hapana, mpe karatasi na kalamu, mwambie mume wangu tupigie hesabu. Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, nauli ya watu watano kwenda na kurudi, kulala Dar, boti kwenda na kurudi, alafu vyumba vya Zanzibar kwa bei ya Desemba ambapo kila mtu anataka chumba hichohicho. Akishika kalamu mwenyewe ataanza kukohoa kabla hata hajafika Morogoro. Hapo ndo umwekee Matema mezani, ufukwe wetu wa Ziwa Nyasa. Mchanga upo, maji yapo mpaka macho yachoke, milima ya Livingstone imesimama nyuma yenu, samaki mbasa, wali wa Kyela, na vyungu vya Wakisi unanunua palepale wanakovifinyanga. Ila kule siyo Uyole, chini joto na mbu wapo, bebeni neti na msiwaache watoto waogelee karibu na midomo ya mito, mamba wapo. Zanzibar ifungulieni kijiakaunti chake kuanzia mwezi huu, aweke yeye kwanza. Asipoweka utakuwa umeshajua alivyokuwa anaitaka.

Kamwene Shangazi. Niliwaahidi watoto Ruaha tangu mwaka juzi, sasa wananiita muongo waziwazi. Tupo Mafinga, nina gari dogo la chini. Niende mwezi gani na nitafilisika kiasi gani?
Baba wanne, Mafinga

Kamwene baba. Hutafilisika ukijipanga, mtanzania kiingilio chake ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni kutoka nje, na watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Kinachokula hela ni gari. Hilo lako la chini liache Iringa, kodini la juu mkiwa familia mbili mgawane. Kutoka Iringa mjini mpaka Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Kiangazi maji yanabaki mto Ruaha Mkuu na wanyama wote wanaufuata, wakati wa masika kila kidimbwi kina maji, nyasi zimekuzidi urefu, utazunguka siku nzima kwenye hifadhi ya karibu kilomita za mraba 20,000 unaonesha watoto majani.

Na hili wengi hawalijui. Kiingilio cha anayelala ndani kinahesabiwa kwa saa 24, siyo kwa siku. Anayeingia asubuhi na kutoka jioni kajipunja. Ingia mchana saa nane hivi, mnapata jioni yote, mnalala mabanda ya hifadhi ndani hapo Msembe, alfajiri mnatoka tena wakati simba bado wanatembea, na mpaka saa nane ya kesho yake bado mpo ndani ya muda wenu. Malazi na chumba mnalipia mbali, uliza mapema. Usitegemee noti mfukoni, malipo ya getini yanaenda kwa kadi au kontroli namba. Beba kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nguo za bluu na nyeusi acheni nyumbani, mbung'o wanazipenda kuliko nyinyi mnavyozipenda.

Shangazi, naandika nikiwa na uchungu. Kila Desemba huwa naandika barua ya mwaka kwenye grupu la ukoo wa mume wangu, nani kazaliwa, nani kaolewa, tumetembea wapi, na picha. Watu wanaipenda. Safari hii niliandika tulivyokwenda hifadhi ya Kitulo, binti yetu alivyopata divisheni wani, gari tulilonunua, ubatizo wa pacha. Kesho yake shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akajitoa kwenye grupu. Mkewe akanipigia akaniambia nimewasimanga. Mwaka huu walifiwa na mtoto wao, viazi vikawalalia shambani bei ilipoanguka, na kijana wao alifanya mtihani uleule na binti yangu akapata ziro. Mimi sikuwataja kwa ubaya hata kidogo! Mume wangu anasema niache kuandika kabisa. Niache?
Mke wa ukoo, Iringa mjini

Usiache. Ila kaa nikwambie mwanangu, maana naona bado hujaona kilipo kidonda.

Unasema hukuwataja kwa ubaya. Hukuwataja kabisa, ndo ubaya wenyewe. Ukoo mzima umezika mtoto mwaka huu, watu wametoka Makambako na Songea wakalala matanga, alafu inakuja barua inayoitwa ya mwaka wa ukoo na ndani yake huyo mtoto hayumo ila gari limo. Soma tena ukiwa umekaa kwenye kiti cha mama yake. Na matokeo, umeandika la binti yako, la mwenzake ukakaa kimya, ukoo wote unajua walifanya mtihani mmoja, kimya chako kila mtu kakisoma kwa sauti.

Sikwambii ulikusudia. Nakwambia barua ya nyumba yako umeipachika jina la barua ya ukoo.

Kwa hiyo la kwanza ni miguu. Usiandike ujumbe wa kuomba radhi kwenye grupu, wala usimtume mume wako peke yake. Nendeni wote wawili mpaka kwao, mbebe mchele na sukari kama watu mnaokwenda kupeleka pole maana ndo kazi iliyowapeleka, na ongea wewe, kwa mkewe kwanza, jikoni. Usijieleze. Ukianza tu na "mimi sikukusudia" umeshaanza kujitetea na yeye atasikia hilo tu. Mwambie mtoto wenu nilimsahau kwenye barua na sikutakiwa kumsahau. Kaa usikilize atakachosema hata kama ni kikali. Shemeji atarudi kwenye grupu siku yake, msimwongeze wenyewe kwa nguvu kama watoto wa siku hizi wanavyofanya.

Sasa kuhusu kuandika. Barua ya ukoo inaanza na waliotutoka, majina yao yote na wamezikwa wapi, kabla ya chochote. Wanafuata waliozaliwa na walioingia kwa ndoa. Wagonjwa. Alafu ndo shughuli na matembezi, na hapo kila nyumba ipate sehemu yake, hata yule mjomba wa Ludewa ambaye mwaka mzima kazi yake imekuwa kulima na kuvuna, andika kavuna. Mwezi wa kumi na moja piga simu nyumba moja moja uliza mnataka niwaandikie nini mwaka huu, na atakayesema usituandike, usimwandike. Maksi za watoto toa kabisa, za wote, wazuri na waliokwama. Sema wamemaliza form four. Bei za vitu nazo toa. Kununua gari siyo dhambi ila litaonekana lenyewe siku mkija nalo msibani.

Safari zenu andika, tena andika vizuri, maana huko kuna faida kwa wengine. Nyie mmefika Kitulo, ukoo wote upo kusini huku na nakuhakikishia nusu yao hawajui hata pa kupitia. Waeleze kwamba maua yanaanza kama Desemba mpaka Aprili, kwamba ukienda Juni au Julai utakuta baridi ya kugandisha umande na nyasi tupu, kwamba hifadhi ilitangazwa 2005 na moja ya sababu ni watu walikuwa wanachimba viazi vya okidi kwa magunia kupeleka Zambia kupikia chikanda. Andika nani aliteleza kwenye tope, nani alidai ameona kipunji, yule kima adimu, kumbe ni mbega. Mambo hayo yanasomeka na hayamuumizi mtu, na mwakani shemeji yako huyohuyo anaweza kusema jamani mkienda tena mtuambie.

Na kijana aliyepata ziro, mtafute mwenyewe, pembeni. Kurudia mtihani kwa kujitegemea kupo, VETA ipo. Binti yako kama ana madaftari ampe, kimyakimya, isiandikwe popote.

Wajukuu wanakuja Juni kutoka Dar, wanajua wachezaji wa Ulaya wote ila Mkwawa hawamjui. Niwapeleke wapi na miguu yangu hii?
Bibi, Kihesa

Shikamoo bibi. Kodi bajaji au teksi ya siku moja. Asubuhi Kalenga, njia ileile ya Ruaha, pale makumbusho wataliona fuvu lenyewe la Mkwawa. Wasimulie kwamba Agosti 1891 aliwachapa Wajerumani Lugalo mpaka kamanda wao Zelewski akafa, kwamba 1898 alijipiga risasi kuliko kukamatwa, na kwamba kichwa chake kilidaiwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 na bado kikarudi 1954. Wakishaona fuvu maswali watauliza wenyewe, wewe kaa kwenye kiti. Mchana Isimila, mawe waliyochonga watu wa Zama za Mawe yapo pale, na zile nguzo ndefu za udongo, ila kule bondeni washuke na kijana wa kuwaongoza wewe ubaki juu kivulini. Jioni kama mna nguvu, jiwe la Gangilonga. Wapande wao.

Shangazi tunapanda Matamba kupitia Chimala wiki ijayo, mtoto wangu kona tatu tu anatapika. Nisaidie.
Mama Junior, Igurusi

Ile barabara inaitwa Hamsini na Saba na kona ndo hizo, kwa hiyo usicheze. Asubuhi asinywe maziwa wala asile chipsi, mpe mkate mkavu na tangawizi kidogo. Akae mbele au dirishani, kioo wazi, simu mnyang'anye, aangalie mbali. Dawa ya kichefuchefu kamuulize mfamasia ukimtajia umri wake, usimpe nusu ya kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Mwambie dereva asimame katikati mlimani mshuke dakika kumi, uwanda wa Usangu unaonekana wote pale juu. Na mfuko uwe mkononi mwako mama, siyo kwenye begi lililofungiwa kwenye buti.