Fomu ya haki za binadamu ikija kiwandani, anza na malipo ya wabanguaji

Wenye viwanda vidogo vya korosho huku kwetu, Mtwara mjini, Masasi, Newala mpaka Nachingwea, naona wengi mnahangaika na yale mafomu ya wanunuzi wa Ulaya yanayouliza haki za binadamu kuanzia shambani mpaka kwenye paketi. Hayajazuka tu, Ufaransa wana sheria yao tangu 2017 inayotaka kampuni kubwa ziangalie haki za binadamu mpaka kwa wanaowauzia mali, ya Ujerumani ya namna hiyo ilianza kutumika 2023, kampuni ikibanwa kwao inakuja kukuuliza wewe. Na korosho ina historia, 2011 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walitoa ripoti ya watu waliofungiwa kwenye vituo vya waraibu wa dawa za kulevya Vietnam wakilazimishwa kubangua korosho. Mi nimekuwa supavaiza wa ubanguaji, siku hizi nasaidia viwanda kujiandaa na ukaguzi, na ushauri wangu ni huu, fomu iache kwanza mezani, kaangalie watu wako wanalipwaje.

Karibu kila kitu kinaanzia hapo. Chukua glavu. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, wote tunajua, kuna kina mama ukisalimiana nao unaona vidole vimebabuka na kuwa vyeusi. Kwenye fomu unaandika glavu zimetolewa, na kweli umezitoa, risiti ipo. Ila mama analipwa kwa kilo, tena korosho nzima ndo zenye hela, zilizovunjika anapata kidogo, na glavu zinampunguzia kasi, sasa afanyeje? Anazivua, anapaka majivu au mafuta kidogo anaendelea, mkaguzi akija wanavaa wote. Ukimkaripia unamwonea, anatafuta hela ya unga. Dawa yake chukua wabanguaji wa kawaida, sio wale wenye mkono mwepesi kuliko wote, wabangue siku kadhaa na glavu mkononi, pima wanatoa kilo ngapi, afu panga bei ya kilo ili kwa masaa ya kawaida, ambayo sheria ya ajira ya 2004 inasema mwisho 45 kwa wiki, mtu asishuke chini ya kima cha chini cha serikali. Pale nilipoona hili linafanyika kwa ukweli glavu zilivaliwa bila mtu kupigiwa kelele.

Halafu kuna kazi inayotoka nje ya geti, na hii ndo inanikosesha usingizi. Kontena lina tarehe, oda kubwa, kiwanda kinapeleka korosho za kumenya mtaani au kinanunua zilizobanguliwa na vikundi vya majumbani, na huko jioni unakuta familia nzima imekaa mkekani, watoto wamo. Chini ya miaka 14 hamna kuajiri, chini ya 18 hamna kazi ya hatari, na ule moshi wa kukaangia uani na yale mafuta ni hatari kabisa. Ila jamani usikimbilie kukata kikundi! Mtoto haachi kazi, anahamia kwa mnunuzi asiyeuliza kitu, na mama kakosa kipato. Kaa nao, ongeza bei, saidieni kupata eneo moja la kubangulia ambako watoto hawaingii, na oda wape mapema. Kama mnunuzi ndo anakubana tarehe mwandikie hivyohivyo, maana mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu unamgusa na yeye, hajawekwa pembeni.

Shambani ni ngumu zaidi kwa sababu mzigo wa stakabadhi ghalani, yaani korosho za wakulima wengi zinazokusanywa ghala moja na kuuzwa pamoja, unachanganywa, lakini AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima kilichokusanya, unaijua, nenda kipindi cha kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, uone nani kabeba bomba la kupulizia na kama ana barakoa, rudi Oktoba au Novemba shule zikiwa wazi uone nani anaokota.

Na ukitaka kusikia ukweli usiulize mbele ya supavaiza. Sanduku la maoni halisaidii sana, watu wanaogopa mwandiko wao utajulikana. Mtafute mwanamke asiye wa kiwandani, wanayemheshimu, akae nao nje ya kazi, maana kuna mambo ya unyanyasaji wa mabosi wa laini, wale wanaosimamia wabanguaji kiwandani, ambayo mwanaume hataambiwa hata iweje.

Ukishayajua hayo ndo ujaze fomu, na mabaya uyaandike pia, tumekuta hiki, tunarekebisha hivi, kabla ya tarehe fulani, anayesimamia ni fulani.