Kuanza kupima punje za mawe kwa ImageJ

Ndugu, kwa kuwa umeuliza uanzie wapi kupima ukubwa wa punje na nafasi wazi katika picha za hadubini za mawe ya mchanga, ningekushauri uanze na ImageJ, programu ya bure iliyotolewa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1997, ambayo, ingawa ilizaliwa kwenye maabara za tiba, inayafaa mawe vizuri sana.

Kabla ya yote weka kipimo: chora mstari juu ya alama ya urefu iliyomo pichani, kisha ieleze programu kwamba, kwa mfano, pikseli 400 ni milimita 1. Ukibadili lenzi, kipimo nacho kibadilishwe.

Ugumu halisi uko katika kutenganisha punje na nafasi wazi. Ikiwa kipande chembamba cha jiwe kilichopigwa picha kilijazwa gundi ya buluu kwenye nafasi hizo, tenganisha kwa rangi, kwani katika picha ya kijivu punje angavu za madini ya kwatzi (quartz) na nafasi wazi huweza kufanana. Punje zinazogusana huhesabiwa kuwa moja. Ipo amri ya kuzitenga, lakini mara nyingi hukata hata punje ndefu iliyo nzima (mimi siiamini bila kuikagua), kwa hiyo pima punje 30 hivi kwa mkono ulinganishe. Ujue pia kwamba mkato haupiti katikati ya kila punje, hivyo vipenyo vingi huonekana vidogo kuliko vilivyo.

Picha zihifadhi kwa muundo wa faili wa TIFF, kwa sababu ule wa JPEG huchafua kingo za punje.