Takwimu za kliniki na mtoto aliyechelewa kukaa

Dada, umeuliza takwimu za kliniki zitamsaidiaje mtoto wa Tandahimba, mkoani Mtwara, aliyechelewa kukaa au kutembea. Zitamsaidia sana, zikifuatiliwa. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, kisha 18, na siku hizo mama anakuja mwenyewe. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), karibu watoto wote hukaa bila kuegemea kabla ya kufikisha miezi 10 na hutembea kabla ya miezi 18. Basi muuguzi aulize hapo hapo kama mtoto anakaa au anatembea, na aandike, pamoja na kusikia na kuona, maana uzito peke yake hausemi hayo.

Lakini kuhesabu watoto tu hakutoshi kabisa! Mimi ningetazama tarehe mbili: siku alipopewa rufaa na siku alipoanza mazoezi ya viungo, tuseme pale Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa. Pengo hilo likipangwa kijiji kwa kijiji, mwezi kwa mwezi, litaonyesha wanaopotelea njiani, iwe kwa kukosa nauli au kwa sababu familia imehamia shambani msimu wa korosho. Hao wapigiwe simu, au mtaalamu apangiwe siku ya kuwafuata kwenye zahanati yao.