Vuta N'kuvute: anza na kitabu

Mkuu umeuliza kati ya kitabu na filamu ya Vuta N'kuvute uanze na kipi, mimi nakwambia anza na kitabu, tena usiruke kurasa. Shafi Adam Shafi kakiandika taratibu, unakaa na binti Yasmini tangu kaozeshwa kwa mzee Raza mpaka anakimbilia kwa rafiki yake Mwajuma mtaa wa Ng'ambo na anakutana na Denge, mpigania uhuru, unaijua Unguja ya mkoloni hadi harufu yake. Mi nilikisoma advance hapa Dodoma, zile usiku za Julai upepo unapiga mabati ya bweni na baridi ile unaijua, nimejifunika blanketi na tochi, nikamaliza alfajiri kesho yake nikasinzia darasani na sikujutia.

Filamu ya Amil Shivji ya 2021 nimeipenda pia, picha zake nzuri mno na ile taarabu inakuingia, ila saa moja na nusu haitoshi bana, Mwajuma wa kitabuni ana maneno mengi na huruma nyingi, kwenye filamu nilimmiss sana. Nakala yangu ipo, kama upo Area C au Chang'ombe nitakuazima ila urudishe.